Chuo Kikuu cha Nairobi kina wenyewe, na si serikali peke yake

Mgomo wa wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma, ulioanza Septemba mwaka wa 2025 na kumalizika mwanzoni mwa Novemba, ulituletea hapa Isinya vijana ambao hatukuwatarajia nyumbani kabla ya Krismasi. Wiki saba walikaa nasi. Baadhi yao walishika fimbo wakafuata ng'ombe, wengine wakatafuta vibarua katika mashamba ya maua, na waliobaki wakawa wa kushinda wamekaa kando ya barabara ya Namanga wakihesabu malori. Wazee waliwauliza iwapo wamefukuzwa. Walipojibu kwamba walimu wamegoma kwa kutolipwa haki yao, wazee walikuwa na swali jingine: mwenye chuo yuko wapi, asiwalipe watu wake?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Pesa zilizogombaniwa zilikuwa Shilingi bilioni 7.9, salio la mkataba wa mishahara wa kati ya mwaka wa 2017 na 2021, na kila mhusika alimnyooshea mwenzake kidole. Mabaraza ya vyuo yalisema Wizara haijatoa fedha, Wizara ikasema hesabu za vyuo haziaminiki, na vyama vya wafanyakazi vikasema vyote viwili ni visingizio. Katika mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ni kaka wa vyuo vyetu vyote, kilikuwa mikononi mwa kaimu. Profesa aliyetangazwa kuwa Naibu Chansela mpya alijiondoa kabla hajashika usukani, baada ya mzozo kuhusu nani hasa mwenye mamlaka ya kumteua. Basi wazee wa Isinya hawakukosea. Panapokuwa na wamiliki wengi wa kutoa amri, na asiwepo hata mmoja wa kulipa, ni haki mtu kuuliza mali ni ya nani.

Mimi nashikilia kwamba hatutalijibu swali hilo kwa kusoma sheria za leo peke yake. Yafaa turudi nyuma tukaangalie chuo hiki kilizaliwa vipi, kwa sababu ugonjwa unaokisumbua ni wa kuzaliwa nao.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo cha dola. Mwaka wa 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na wazo la kuanzisha shule ya ufundi na biashara mjini Nairobi. Wazo likapanuka hadi likawa la Afrika Mashariki nzima, na Septemba 1951 Mfalme wa Uingereza akatoa hati ya kukiidhinisha Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Afrika Mashariki. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1952, mwaka uleule ambao serikali hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwajaza watu kambini. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956, na Oktoba mwaka huo Binti Mfalme Margaret akaja kukifungua rasmi kwa shangwe.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo hurudiwa katika kila sherehe ya mahafali. Kuna sehemu nyingine ambayo husahaulika. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, aliyeuawa mwaka wa 1948. Walipoona kwamba serikali nayo inajenga chake, walikubali kuunganisha mchango wao na chuo cha kifalme, kwa sharti kwamba chuo hicho kisiwe cha ufundi tu bali kifundishe pia sanaa, sayansi na biashara, na kisiwabague wanafunzi kwa rangi. Muungano huo ulikamilishwa mwaka wa 1954. Sanamu ya Gandhi ingali imesimama katika bewa kuu, na wanafunzi wengi huipita bila kujua kwamba inasimama hapo kama hati ya umiliki. Tangu siku ya kwanza, chuo hiki kilijengwa kwa mikono miwili: mkono wa dola na mkono wa raia waliochanga. Mkono wa kwanza ndio uliotia sahihi, na tangu hapo umejifanya ndio mwili mzima.

Majina yalibadilika upesi. Mwaka wa 1961 kikawa Chuo cha Kifalme cha Nairobi, kikitoa digrii za London. Mwaka wa 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Chansela. Mwaka wa 1964 neno 'kifalme' likafutwa. Mwaka wa 1970 ushirika wa nchi tatu ukavunjika, na kila nchi ikachukua chake. Hapo ndipo Rais wa Jamhuri alipokuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Naibu Chansela wa kwanza, Dkt. Josphat Karanja, akatolewa katika ubalozi wetu wa London kuja kukiongoza. Taji lilivuliwa, lakini kiti kilichotengenezewa mwenye taji hakikuondolewa sebuleni.

Hali hii si yetu peke yetu, na hapa naomba msomaji anivumilie nimpeleke mbali kidogo, hadi Urusi ya kifalme, kwa sababu huko mchezo huu ulichezwa kwa karne nzima na matokeo yake yanajulikana. Katika mji wa Kazan, kando ya mto Volga, katika nchi ya Watatari ambao Warusi waliwateka katika karne ya 16, Tsar Alexander wa Kwanza alianzisha chuo kikuu mwaka wa 1804. Kilikuwa chuo cha mpakani, cha kuwaonyesha waliotekwa nuru ya mtekaji, kama vile Makerere na Nairobi zilivyokusudiwa kuwa baadaye. Sheria ya vyuo ya mwaka huohuo ilikuwa ya kushangaza kwa nchi ya mfalme asiye na bunge: iliwapa maprofesa ruhusa ya kumchagua mkuu wao.

Ruhusa hiyo haikudumu kwa amani. Mwaka wa 1819 alitumwa mkaguzi mmoja, Mikhail Magnitsky, akarudi na ripoti ya kupendekeza kwamba chuo kivunjwe kabisa. Tsar alikataa kukivunja, akamteua Magnitsky mwenyewe kuwa msimamizi wake. Miaka iliyofuata, maprofesa walifukuzwa na mihadhara ikapimwa kwa kipimo cha dini na utii. Alipoondolewa mwaka wa 1826, maprofesa walimchagua mwenzao wa hesabu, Nikolai Lobachevsky, aliyekuwa na umri wa miaka 34, kuwa mkuu wao. Aliongoza kuanzia 1827 hadi 1846, akichaguliwa tena na tena. Alijenga maktaba na jumba la kutazamia nyota, na kipindupindu kilipoingia Kazan mwaka wa 1830 alifunga milango ya chuo, akawakusanya ndani wanafunzi na familia za walimu, na wengi wakanusurika. Katikati ya kazi hizo, mwaka wa 1829 alianza kuchapisha katika jarida la chuo hicho nadharia mpya ya jiometria, iliyopingana na yale yaliyoaminiwa tangu enzi za Wayunani. Wakubwa wa Petersburg waliidharau. Leo hakuna anayewakumbuka wakubwa hao ila kwa kuidharau kwao.

Naikazia habari ya Lobachevsky kwa sababu humu nchini tumezoea kuambiwa kwamba wasomi wakiachiwa wajichagulie kiongozi watachagua mpiga domo. Mfano wa Kazan unaonyesha kwamba wanaweza pia kumchagua mtu anayejua hesabu za nyota na hesabu za matofali.

Baada ya hapo sheria ya Urusi ilienda mbele na nyuma kama mlango wa zizi. Mwaka wa 1835 Tsar Nicholas aliwapunguzia maprofesa madaraka. Mwaka wa 1863 mwanawe akawarudishia. Mwaka wa 1884 mjukuu akawanyang'anya tena, na mkuu wa chuo akawa wa kuteuliwa na waziri. Desemba 1887 wanafunzi wa Kazan walikusanyika kuipinga sheria hiyo ya 1884 na wakaguzi wake. Wengi walifukuzwa, na mmoja wao alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza katika sheria, aliyeitwa Vladimir Ulyanov. Ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Lenin. Mwaka wa 1911 zaidi ya walimu 100 walijiuzulu kutoka Chuo Kikuu cha Moscow kwa ugomvi wa aina hiyohiyo na waziri. Miaka sita baadaye hapakuwa na Tsar, wala waziri wake. Vyuo vingali vipo.

Turudi Nairobi. Januari 1969 serikali ilimkataza Jaramogi Oginga Odinga kuhutubia wanafunzi. Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, na mhadhiri kijana, Ngugi wa Thiong'o, akajiuzulu kwa kuona uhuru wa chuo umekanyagwa. Ni yeye aliyekuwa ameandika mwaka uliotangulia, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, pendekezo la kuivunja Idara ya Kiingereza ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hilo lilitimia. Kwa hiyo wasomi waliweza kubadilisha kile kilichofundishwa darasani. Hawakuweza kubadilisha nani aliyeshika ufunguo wa lango. Ngugi, aliyefariki Mei 2025, alirejea kufundisha, akawekwa kizuizini mwisho wa 1977 bila mashtaka, na alipoachiliwa mwaka mmoja baadaye hakurudishiwa kazi yake.

Miaka iliyofuata inajulikana, nami nitaipita haraka. Chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu kilifutwa mwaka wa 1980. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na walimu kama Micere Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo, wakakimbilia ng'ambo. Wahadhiri waligoma mwishoni mwa 1993 wakidai chama chao kiandikishwe. Waliandikishwa mwaka wa 2003, baada ya serikali kubadilika. Mwaka huo ndio Rais Mwai Kibaki alipofanya jambo ambalo halikupewa uzito uliostahili: alikiacha kiti cha Chansela na kumteua raia, Dkt. Joe Wanjui. Miaka miwili baadaye Profesa George Magoha alipata unaibu chansela kwa kushindania kazi hiyo, na si kwa kuteuliwa tu kama waliomtangulia. Tukadhani tumevuka mto.

Hatukuwa tumevuka. Mlango wa zizi ulirudi nyuma, nao ulirudishwa na mkono usiotarajiwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 ilifanyiwa marekebisho yaliyompa Waziri na Tume ya Utumishi wa Umma sauti kubwa katika uteuzi wa wakuu wa vyuo. Januari 2020 baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu alibatilisha uteuzi huo, akaweka kaimu wake na kulivunja baraza. Waziri huyo alikuwa Profesa Magoha, yuleyule aliyenufaika na ushindani wa 2005. Mahakama ilimrudisha Profesa Kiama kazini. Sisemi haya kumchafua marehemu, ambaye alikiacha chuo kikiwa na majengo na sifa. Nasema kwamba kiti hubadilisha tabia ya anayekikalia, hata akiwa mtu hodari.

Kwa nini mfugaji wa Kaputiei akose usingizi kwa mambo haya? Nitajibu kwa ng'ombe.

Mafunzo ya utabibu wa mifugo yalianza Makerere, na mwaka wa 1962 yakahamishiwa Kabete. Tangu wakati huo daktari wa ng'ombe anayefika Isinya, ikiwa ni daktari kweli, yaelekea amepitia Kabete au amefundishwa na aliyepitia huko. Sotoka, ambayo Wamaasai waliiita olodua, iliangamiza mifugo yetu katika miaka ya 1890 hata watu wakafa njaa kwa maelfu. Chanjo iliyokuja kuimaliza ilitengenezwa Muguga, jirani ya Kabete, na Walter Plowright na wenzake, na mwaka wa 2011 ulimwengu ukatangaza kwamba ugonjwa huo hauko tena. Chanjo ya ndigana kali, oltikana ya wazee wetu, nayo ilibuniwa hukohuko Muguga katika miaka ya 1970. Muguga ilikuwa taasisi ya utafiti na si chuo, lakini maarifa kama hayo hufika zizini kwa njia moja tu, nayo ni ya watu waliofunzwa. Wakati maabara za Kabete zinapokosa dawa kwa sababu baraza na Wizara wamo mahakamani wakigombania kiti, hasara haiishii Nairobi. Inashuka barabara ya Namanga, na safari hiyo haifiki kilomita 60.

Jambo la pili ni karo. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa Sh16,000 kwa mwaka, kiwango kilichodumu tangu miaka ya 1990. Vyuo vikaziba pengo kwa kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, mtindo ulioanza Nairobi mwaka wa 1998. Mtihani wa kidato cha nne ulipobanwa mwaka wa 2016, waliopata alama ya C+ na zaidi walishuka hadi 88,929, na chemchemi hiyo ikakauka. Mwaka wa 2023 serikali ikaleta mfumo mpya unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na kesi ikaendelea katika mahakama ya juu yake.

Kwa karatasi mfumo huo una haki. Lakini nani alikaa nasi akauliza jinsi ya kupima mali ya mfugaji? Mtu wa Isinya anaweza kuwa na hati ya ekari 40 na asiwe na Sh4,000 mfukoni. Anaweza kuandika ng'ombe 60 katika fomu mwezi wa Mei, na ukame kama ule wa 2022 ukambakishia 10 kabla ya Desemba. Fomu itamwita tajiri, na tajiri huyo ataanza kuuza ardhi. Kitengela tumeona ardhi ikiuzwa kipande kwa kipande hadi ua umefuata ua, na wanyama wa mbuga ya Nairobi hawana pa kupita. Baadhi ya vipande hivyo viliuzwa ili mtoto asome. Familia iliyouza ekari tatu kwa ajili ya digrii moja imechangia chuo hicho kama walivyochangia wale wa mfuko wa Gandhi, tena bila kuwekewa sanamu. Hata hivyo hakuna mahali popote sauti yake inasikika chuoni.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Wanasema vyuo vyenyewe vimeharibu: mabaraza yamekopa bila mpango, yamefungua mabewa kila penye jengo la kukodi, na uteuzi wa ndani umekuwa wa kikabila, kila jimbo likidai chuo kilichoko kwake ni cha watu wake. Ni kweli tupu. Maprofesa si malaika, na hata Kazan walikuwa wakigombana hadi kufikishana kwa Tsar. Tena anayelipa ana haki ya kujua fedha zimekwenda wapi. Lakini kukagua hesabu ni jambo moja na kumteua mkuu ni jingine. Kwa hesabu tunaye Mkaguzi Mkuu, mwenye mamlaka ya Katiba, na ripoti zake hufika Bungeni kila mwaka, ambako aghalabu hulala. Serikali imeuacha wajibu wake wa kukagua na kuushikilia wajibu usio wake wa kuteua. Ukabila nao haukuletwa na uhuru wa vyuo: ulistawi zaidi miaka ile ambapo kila uteuzi ulitoka Ikulu.

Ninachopendekeza si kigeni. Seneti ya chuo, pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi na wanafunzi, wapendekeze majina mawili au matatu ya wasomi baada ya mahojiano ya wazi, baraza lichague mmoja, Chansela amwapishe, Waziri apewe taarifa. Katika baraza hilo kuwe na viti vya wazazi walipao karo, wakiwemo wa kutoka kaunti za wafugaji, wasioteuliwa na mwanasiasa. Fedha za serikali zitolewe kwa mkataba wa miaka mitano unaojulikana na wote, ili mishahara isiwe zawadi ya kutolewa baada ya maandamano.

Najua pia kwamba hakuna serikali, ya chama chochote, iliyowahi kuachia kiti kama hicho kwa hiari bila kusukumwa. Kibaki aliachia nusu, na nusu hiyo imekwisha kurudishwa. Ndiyo maana siku mbunge wetu wa Kajiado Mashariki atakaposimama sokoni Isinya kuomba kura mwaka wa 2027, kabla hajaanza habari za visima na barabara, ningependa mzee mmoja amwulize atapiga kura gani juu ya kifungu kinachompa Waziri mkono katika uteuzi wa Naibu Chansela, na amtake ataje nambari ya kifungu hicho.